Kadi inapopiga hodi: mwongozo kamili wa IRQ, kutoka BIOS hadi mfumo endeshi

Mwezi wa saba, vumbi jekundu la Lubumbashi likiwa limeshaingia kila mahali, kwaya moja ya Katuba iliniletea kompyuta yao ya kurekodia. Sauti ilikuwa inakwaruza. Si wakati wote: mtu akiimba, rekodi ilitoka safi, lakini fundi wao akianza kunakili faili kwenye flashi huku wengine wakiendelea kuimba, ndani ya wimbo ziliingia "tak, tak", kama mtu anayevunja vijiti. Walikuwa wameshabadilisha kipaza sauti, waya na hata spika. Kijana ninayemfundisha kazi akaniambia, "Yaya, tufute Windows tuweke upya." Nikamwambia asubiri, kwanza tuone nani anapiga hodi kwenye mlango wa nani.

Kosa halikuwa la kipaza sauti wala la Windows. Kadi ya sauti na kidhibiti cha USB vilikuwa vinatumia mstari mmoja wa katizo. Tuliihamisha kadi kwenye sloti ya pili, tukafunga ganda, wakarekodi. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, lakini kuifahamu kulinichukua miaka, kwa sababu hakuna aliyenieleza njia nzima: namba ya IRQ (Interrupt Request, ombi la katizo) inatolewa na nani, inasomwa na nani, na kwa nini kuibadilisha namba yenyewe mara nyingi hakusaidii kitu. Njia hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa.

Katizo ni hodi

Prosesa haiwezi kuzunguka kwa kila kadi ikiuliza "una jambo?", maana ingekesha kwenye mizunguko hiyo bila kufanya lolote jingine. Inaendelea na shughuli zake, na kadi yenye jambo inapiga hodi: pakiti imeingia kutoka mtandaoni, kipande cha sauti kimekwisha, diski imemaliza kusoma. Hodi hiyo ndiyo katizo, na IRQ ni namba ya mlango unaogongwa. Prosesa inaweka alama pale ilipofikia, inaita kiendeshi (programu inayoiongoza kadi) cha kadi iliyogonga, kiendeshi kinamaliza haja yake, halafu kazi ya mwanzo inaendelea pale pale ilipoachwa.

Sasa fikiria lupango (kiwanja chenye ua) wenye nyumba nne na lango moja. Mgeni akigonga, wenyeji wanatoka mmoja mmoja kuuliza kama mgeni ni wao. Wa kwanza anasema si wangu, anarudi ndani. Wa pili vilevile. Hadi apatikane mwenyewe. IRQ inayoshirikiwa na kadi kadhaa iko hivyo. Hakuna ubaya, ilimradi kila mwenyeji atoke haraka na aseme kweli. Lakini mmoja akikawia langoni, mgeni wa nyumba ya nne anasimama juani. Kadi ya mtandao inaweza kuvumilia, pakiti zinakaa kwenye foleni. Kadi ya sauti akiba yake ni ya milisekunde chache tu, na ikiisha kabla kiendeshi hakijafika, unasikia "tak".

Namba zilitoka wapi

IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya kupokea makatizo, 8259, yenye mistari 8: IRQ 0 hadi 7. Mwaka 1984 PC AT ikaongeza chipu ya pili. Hesabu ikawa mistari 16, lakini namba 2 ilitumika kuiunganisha chipu ya pili na ya kwanza, zikabaki 15. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na wenyewe kwa desturi: 0 saa ya mfumo, 1 kibodi, 3 na 4 milango ya serial (COM), 6 diski laini, 7 printa, 8 saa ya tarehe, 12 kipanya, 13 chipu ya hesabu, 14 na 15 diski kuu. Mwenye kadi ya sauti, kadi ya mtandao na modemu alibaki kugombania 5, 9, 10 na 11.

Kadi za ISA, aina ya sloti ya wakati ule, zilipiga hodi kwa mshituko mmoja wa umeme. Mbili zikigonga mstari mmoja kwa pamoja, hodi moja inapotea na hakuna atakayejua. Ndiyo maana kadi mbili za ISA hazikuweza kugawana IRQ, na fundi alichagua namba kwa kuhamisha jampa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) kwa kucha juu ya kadi yenyewe. Mwaka 1993 ISA ilipata utaratibu wa kujipanga bila jampa, lakini uhaba wa namba ukabaki palepale.

PCI, aina mpya ya sloti iliyotoka mwaka 1992, ilibadilisha namna ya kugonga. Mstari unakaa juu kwa nguvu ya rezista. Kadi yenye jambo inauvuta chini na kuushikilia hadi kiendeshi kiihudumie. Kadi mbili zikiuvuta pamoja, moja ikishahudumiwa mstari unabaki chini kwa sababu ya pili bado imeshika, hivyo hodi haipotei. Kwa PCI kushiriki IRQ ni halali kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi hapa mjini wakiona namba moja ina vifaa viwili wanasema "kuna mgongano", wanaanza kung'oa kadi zenye afya.

Nani anagawa

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, wa kwanza kuamka ni programu dhibiti iliyomo kwenye ubao mama (karte mere, tunavyosema hapa): BIOS kwenye mashine za zamani, UEFI kwenye za sasa. Inapita sloti kwa sloti ikiuliza kuna nani, na kila kadi ya PCI inajibu kwa rejista zake (visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya kadi). Mbili kati ya hizo zinatuhusu. Ile ya 0x3D inataja pini ambayo kadi inatumia kupiga hodi: 1 ni INTA, 2 INTB, 3 INTC, 4 INTD, na 0 maana yake haitumii pini yoyote. Hiyo aliyeitengeneza kadi ameshaiamua. Ile ya 0x3C ni tupu, na programu dhibiti inaandika humo namba ya IRQ.

Hapo kwenye 0x3C ndipo wengi wanapotea. Ile ni karatasi ya kumbukumbu tu, iliyoachwa ili mfumo endeshi uisome. Kadi yenyewe haiitumii. Ukiandika humo 5 badala ya 11 hakuna waya unaohama.

Waya uko chini. Pini ya INTA ya kila sloti ina njia ya shaba inayoingia kwenye chipu ya ubao, kwenye moja ya milango inayoitwa PIRQ: zamani minne, A hadi D, baadaye minane, A hadi H. Waundaji wa ubao huzizungusha njia hizo kwa makusudi. Kwa kawaida INTA ya sloti ya kwanza inaingia A, ya sloti ya pili inaingia B, ya tatu C, ya nne D, na ya tano inarudi A. Wanafanya hivyo kwa kuwa karibu kila kadi yenye kazi moja inatumia INTA. Bila kuzungusha, kadi zote zingerundikana kwenye mlango mmoja. Ndani ya chipu kuna kigawanyaji, na humo BIOS inaamua kwamba A itakuwa IRQ 11, B itakuwa 10, na kadhalika.

Kwa hiyo vifaa viwili vikikutana kwenye PIRQ moja, vimefungwa pamoja. Ukimwambia BIOS ibadilishe 11 kuwa 5, vyote viwili vinahamia 5, na "tak" inahamia nao. Namba ni jina la mlango. Anayetaka kuvitenganisha lazima ahamishe waya, na njia pekee ya kuuhamisha ukiwa fundi wa kawaida ni kuhamisha kadi kwenye sloti nyingine.

Tangu ACPI (kanuni za mawasiliano kati ya programu dhibiti na mfumo endeshi) ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1996, mamlaka yamehama pole pole kutoka BIOS kwenda kwa mfumo endeshi. Programu dhibiti bado ndiyo inayoujua ubao, kwa hiyo inaacha majedwali kwenye kumbukumbu: moja linataja vipokezi vya makatizo vilivyopo, jingine, liitwalo _PRT, linaeleza pini ya sloti fulani inaingia mlango gani. Windows na Linux husoma jedwali hilo hilo moja, halafu mfumo endeshi wenyewe unapanga. Mahali pa 8259 pamechukuliwa na I/O APIC, ambayo kwa kawaida ina milango 24. Ile 16 ya kwanza inafuata mpangilio wa zamani, na kwenye mbao nyingi vifaa vya PCI vinapewa 16 hadi 23. Usishangae basi BIOS ikionyesha kadi yako kwenye 11 na Linux ikasema 16. Zote zinasema kweli. Kila moja inahesabu kwa kipokezi chake.

Halafu kuna MSI (katizo kwa njia ya ujumbe), na hapo lango la lupango halina kazi tena: mgeni anakutumia ujumbe kwenye simu yako. Kadi inaandika neno dogo kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, ambayo kwa kompyuta za jamii ya Intel huanzia 0xFEE, na prosesa inapata hodi yenye jina la mpigaji. Kadi moja inaweza kuwa na jumbe hadi 32, na kwa MSI-X, toleo lake lililopanuliwa, hadi 2048, bila kushiriki na yeyote. Kadi za PCI Express hazina kabisa waya za INTA. Kiendeshi chake kikiwa cha zamani na hakijui MSI, kadi inatuma ujumbe wa kuigiza kwamba waya umevutwa, kisha mwingine kwamba umeachiwa, na inarudi kwenye foleni ya kushiriki kama PCI ya kawaida.

Hatua ya kwanza: tambua sloti na kadi

Fungua ganda. Sloti nyeusi ndefu ya vipande viwili ni ISA. Nyeupe au ya rangi ya maziwa, fupi kidogo, ni PCI. Zile za PCI Express ni kadogo kabisa ya x1 na ndefu ya x16 ambako hukaa kadi ya picha. Kompyuta nyingi zinazofika hapa zimeshatumika ofisini Ulaya, na nyingi zina PCI moja au mbili pembeni ya PCI Express. Chukua karatasi, chora sloti zote kwa mpangilio kutoka kwenye prosesa kwenda nje, na uzipe namba. Karatasi hiyo utaijaza katika hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: soma hali ilivyo

Hata mashine ikiwa ya Windows, mimi napenda kuiwasha kwanza kwa flashi yenye Linux, bila kugusa diski ya mteja. Fungua terminali uandike:

`cat /proc/interrupts`

Kwenye kompyuta ya kwaya mistari miwili iliyotuhusu ilikuwa hivi:

`16:   48213      0   IO-APIC   16-fasteoi   ehci_hcd:usb1, snd_ice1712`

`27:   91233      0   PCI-MSI   524288-edge   eth0`

Tuisome pole pole. Namba ya kushoto kabisa ni IRQ. Safu zinazofuata ni idadi ya hodi zilizopokelewa na kila kiini cha prosesa. Kisha jina la kipokezi: IO-APIC maana yake kuna waya, PCI-MSI maana yake ni ujumbe. Mwisho ni majina ya viendeshi. Mstari wa 16 una majina mawili yaliyotengwa kwa mkato, USB na kadi ya sauti, lango moja. Mstari wa 27 ni kadi ya mtandao peke yake. Namba 524288 nayo si ya bahati nasibu: Linux inaipata kutokana na anwani ya kadi, hapa njia ya 01, kifaa 00. Kerneli (moyo wa Linux) mpya zaidi zinaandika anwani yenyewe, jambo linalorahisisha kusoma.

Ili kujua pini na uwezo wa kila kadi:

`sudo lspci -vv`

Tafuta maneno "Interrupt: pin A routed to IRQ 16", kisha mstari wa "MSI: Enable". Alama ya kujumlisha baada ya Enable maana yake MSI inatumika, ya kutoa maana yake kadi inaweza lakini imelala. Mstari huo usipokuwepo kabisa, kadi haina uwezo huo, na usipoteze muda kuutafuta.

Fanya jambo moja zaidi kabla ya kuzima. Andika `watch -n1 cat /proc/interrupts`, halafu nakili faili kubwa kwenye flashi huku muziki unacheza. Tazama namba zinavyopanda. Tulipofanya hivyo, hesabu ya 16 iliruka kwa maelfu kila sekunde, na kijana wangu akaona kwa macho yake kwamba kila hodi ya USB ilikuwa inamwita pia mwenye sauti atoke kuangalia.

Ndani ya Windows, ambayo hapa mara nyingi iko kwa Kifaransa, fungua Gestionnaire de périphériques, nenda Affichage, chagua Ressources par type, kisha ufungue Requête d'interruption (IRQ). Namba za kawaida ni waya. Namba hasi, kama -2 au -5, si kosa: ndivyo Windows inavyoonyesha vifaa vinavyotumia MSI. Ukikuta Code 12 kwenye kifaa, mfumo umekosa rasilimali ya kukipa, na hiyo inaweza kuwa IRQ au nafasi ya kumbukumbu. Usiilaumu IRQ kabla ya kuangalia. Kwenye mashine kongwe za Windows 2000 na XP utakuta pengine vifaa vyote vya PCI viko IRQ 9. Hiyo ni ACPI ikiendesha kipokezi cha zamani, na kama hakuna tatizo linaloonekana, iache.

Hatua ya tatu: hamisha kadi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, maana hapa ndipo tatizo linapoondoka.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha ganda kabla ya kugusa kadi. Toa skrubu, ivute kadi wima, bila kuitikisa upande kwa upande.

Kabla ya kuirudisha popote, tazama meno yake ya dhahabu. Katika kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, utakuta utando mwekundu, na mara nyingine alama ya kidole iliyogeuka kuwa doa. Pini ya INTA ni jino moja tu kati ya hayo. Likigusa vibaya, hodi haifiki, au inafika mara mia bila mgonga. Yasugue kwa raba ya kufutia penseli, taratibu kufuata urefu wa meno, futa mabaki kwa kitambaa chenye alkoli, subiri ikauke. Ndani ya sloti puliza kwa pampu ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi.

Sasa anza na sloti ambayo kadi haikuwemo. Washa, soma `/proc/interrupts`, andika kwenye karatasi namba uliyoipata na wanaoshiriki. Zima, hamia inayofuata. Kadi ile ile moja, sloti moja baada ya nyingine. Ukimaliza utakuwa na ramani ya ubao ule. Ramani yetu ilitoka hivi: sloti ya kwanza IRQ 16 pamoja na USB, sloti ya pili IRQ 18 peke yake. Sloti ya tatu ilikuwa PCI Express, haikutuhusu.

Kwenye mbao zenye AGP (sloti ya zamani ya kadi ya picha), mara nyingi sloti ya PCI iliyo jirani kabisa na AGP inashiriki mstari na kadi ya picha. Hapo usiweke kadi ya sauti wala ya kurekodi ukiwa na pengine pa kuiweka. Na ukiwa na kadi mbili na sloti moja tu iliyo peke yake, mpe ile isiyovumilia kusubiri: sauti kwanza, kisha video, kisha mtandao. Modemu na milango ya printa zitashiriki bila kulalamika.

Hatua ya nne: mipangilio ya BIOS

Sloti zote zikiwa zinashiriki, punguza wenyeji. Ingia BIOS uzime usichotumia: milango ya COM, mlango wa printa, kadi ya sauti ya ubaoni kama umeweka ya kwako. Ukizima COM mbili na printa kwenye mashine ya zamani, IRQ 3, 4 na 7 zinabaki huru.

Kwenye BIOS za zamani utakutana na "PnP OS Installed". Ukiweka No, BIOS inapanga kadi zote yenyewe kabla ya kukabidhi. Ukiweka Yes, inapanga zinazohitajika kuwasha tu na kuuachia mfumo endeshi zilizobaki. Mimi naweka No, nimeona matatizo machache zaidi hivyo. "Reset Configuration Data" inafuta kumbukumbu ya mgao wa zamani; itumie mara moja baada ya kuhamisha kadi ambayo mfumo unang'ang'ania kuiona mahali pake pa kale. Na "APIC Mode" iwe imewashwa kabla ya kusakinisha Windows XP. Usiibadilishe baadaye, maana XP inachagua msingi wake siku ya kusakinishwa, na inaweza kukataa kuwaka.

Kuhusu betri ndogo ya CR2032, nina kisa. Mteja mmoja upande wa barabara ya Likasi ana mizani ya malori, na kompyuta inayosoma mizani hiyo ina kadi ya ISA iliyofungwa kwa jampa kwenye IRQ 5. Iliishi vizuri miaka mingi. Asubuhi moja, baada ya delestaji (kukatwa kwa umeme) ya siku mbili, mizani haikusoma uzito wowote. Betri ilikuwa imekufa. Mashine isiyopata umeme wa ukutani inainyonya betri hiyo muda wote, na umeme unavyokatika mara kwa mara kwetu hazikai sana. BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ikasahau kwamba IRQ 5 ina mwenyewe, ikampa kadi ya mtandao ya PCI. Kadi ya ISA haiwezi kushiriki, kwa hiyo ikanyamaza. Niliweka betri mpya, nikaingia kwenye ukurasa wa PCI/PnP, nikaipanga IRQ 5 kuwa "Legacy ISA", na malori yakaanza kupimwa kabla ya saa sita mchana. Ukiona mashine ya viwandani ya namna hiyo, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu yako siku ya kwanza unapoigusa.

Hatua ya tano: MSI

Kwenye Linux viendeshi vingi vya PCI Express vinawasha MSI bila kuombwa. Kwenye Windows, kuanzia Vista, uwezo upo, lakini viendeshi vingine vinauacha umelala. Unaweza kuuamsha kwenye rejista ya Windows, chini ya kifaa husika, ndani ya `Interrupt Management\MessageSignaledInterruptProperties`, kwa kuweka `MSISupported` kuwa 1. Fanya hivyo tu kama `lspci` ilikuonyesha kwamba kadi ina MSI, na uwe umeweka nakala ya rejista kwanza. Kidhibiti cha diski chenye kiendeshi kisichojua MSI kinaweza kuizuia mashine isiwake.

Hatua ya sita: "nobody cared"

Hili ni la wenye ruta za Linux kwenye kompyuta za kawaida, na saibaa (maduka ya intaneti) nyingi za hapa zinazo. Mtandao unakufa baada ya saa kadhaa, na `dmesg` inaonyesha:

`irq 17: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)`

Maana yake lango limegongwa mno na kila mwenyeji anasema si wangu. Kerneli inahesabu: katika hodi 100,000, zaidi ya 99,900 zikikosa mwenyewe, inaufunga mstari ili mashine isizame. Wote waliokuwa kwenye mstari huo wananyamaza, wenye hatia na wasio na hatia.

Chini ya ujumbe huo kerneli inaorodhesha viendeshi vilivyosajiliwa kwenye IRQ 17. Linganisha na `lspci -v`: kifaa chenye IRQ 17 kisicho na kiendeshi kwenye orodha ndicho cha kwanza kushukiwa. Kisafishe, kihamishe, au kizime kwenye BIOS. Ikishindikana, ndipo ujaribu vigezo vya kuwashia kerneli, kimoja kimoja: `pci=nomsi` kama tatizo lilianza na kifaa cha MSI, kisha `noapic`, na `acpi=off` mwisho kabisa kwa sababu inaondoa mengi mengine pamoja nayo. `irqpoll` inayopendekezwa na ujumbe ni bandeji. Inawauliza wenyeji wote kila hodi inapokosa mwenyewe, na tena kila saa ya mfumo inapogonga, mtandao utarudi lakini mashine itakuwa nzito. Itumie kumaliza siku ya kazi, siyo kuishi nayo.

Ruta ikiwa nzima lakini kiini kimoja cha prosesa kinabeba hodi zote, sakinisha `irqbalance`, au peleka IRQ 27 kwenye kiini namba 1 kwa mkono ukiwa root:

`echo 1 > /proc/irq/27/smp_affinity_list`

Kusasisha BIOS ni hatua ya mwisho, pale ambapo jedwali la _PRT lenyewe limekosewa na mtengenezaji. Usilifanye bila onduleri (kifaa cha umeme wa akiba) yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, ubao mama unaweza usiwake tena.

Kompyuta ya kwaya iliondoka jioni hiyo hiyo. Ndani ya kifuniko kijana wangu alibandika ramani ya sloti, na pembeni ya sloti ya kwanza aliandika kwa kalamu ya wino mweusi: "Kadi ya sauti si hapa. IRQ 16, USB."